Runinga haionekani kwenye simu baada ya kufunga ruta yenye VPN

MkaziWaTegeta

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa kuelewa tatizo lililonisumbua tangu nilipobadilisha mpangilio wa mtandao hapa nyumbani, Dar es Salaam. Kila ninayemuuliza hunijibu kwa kifupi kwamba "ni hiyo VPN yako", bila kueleza VPN, yaani njia ya faragha inayopitisha intaneti kwenye seva ya mbali, inahusikaje na runinga iliyo mita chache kutoka kwenye kiti nilichokalia.

Modemu ya faiba ya mtoa huduma imefungwa karibu na mlango wa mbele, ina waifai yake, na anwani zake zinaanza na 192.168.1. Kutoka kwenye modemu hiyo nimevuta waya wa mtandao hadi sebuleni, ambako nimeunganisha ruta ndogo yenye mfumo wa OpenWrt. Ruta hiyo ina waifai ya jina lingine na anwani zake zinaanza na 192.168.8. Inaendesha VPN ya WireGuard niliyopewa na kampuni ninayoifanyia kazi za hesabu, kwa kuwa mifumo yao humkubali tu mtu anayeingia kupitia seva yao iliyoko Ulaya. Niliiweka VPN kwenye ruta, si kwenye kompyuta, kwa sababu nina kompyuta mbili za kazi pamoja na skana inayotuma nyaraka huko moja kwa moja, na skana haina mahali pa kuweka VPN.

Runinga inatumia Chromecast, kifaa kinachopokea video kwa amri ya simu, ya mwaka 2018, yaani ya kizazi cha tatu. Zamani ilikuwa kwenye waifai ya modemu, lakini ishara ilikuwa hafifu sebuleni, kwa hiyo niliihamishia kwenye waifai ya ruta ndogo iliyo jirani nayo. Tangu hapo simu yangu haioni alama ya kurusha video kwenye runinga. Simu ya mke wangu huiona, lakini baada ya muda alama hupotea na kurudi inavyotaka yenyewe. Alama inapokuwepo, YouTube hucheza kwa picha yenye ukungu na kukatika, huduma moja ya filamu tunayoilipia hufunguka kisha ikasema kwamba filamu hiyo haipatikani mahali tulipo, na video alizorekodi mwenyewe kwa simu hazichezi kabisa, ingawa picha za kawaida huonekana vizuri.

Swali langu ni hili: je, haya yote ni tatizo moja la VPN, au ni mambo tofauti? Na je, ninaweza kubaki na VPN kwa ajili ya kazi bila kuinyima familia runinga yao?

FundiWaya

Ndugu Mkazi, umeeleza vizuri, na maelezo yako yananipa shaka kwamba unashughulika na matatizo yasiyopungua matatu, ambapo moja tu ndilo la VPN kwa maana halisi.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, tenganisha mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Unapobonyeza alama ya kurusha, kwanza kuna mazungumzo kati ya simu na Chromecast, na mazungumzo hayo hayatoki nje ya nyumba yako. Pili kuna safari ya video yenyewe, ambayo kwa huduma kama YouTube haipiti kwenye simu hata kidogo: simu huiambia Chromecast ifungue programu fulani na icheze video fulani, kisha Chromecast yenyewe huenda kwenye intaneti kuichukua. Ndiyo maana unaweza kuzima skrini ya simu na runinga ikaendelea kucheza.

Tukianza na mazungumzo ya ndani, simu huitafuta Chromecast kwa itifaki ya mDNS. Hutuma swali kwenye anwani 224.0.0.251, poti ya UDP 5353, ikiuliza ni kifaa gani hapa chenye huduma iitwayo _googlecast._tcp. Chromecast ikijibu, simu huiendea kwenye poti ya TCP 8009, na hapo ndipo amri zote za kucheza na kusimamisha hupita. Sasa, anwani zote kuanzia 224.0.0.0 hadi 224.0.0.255 zimetengwa kwa matumizi ya mtandao mmoja wa ndani, na ruta kwa kanuni haizivushi kwenda mtandao mwingine. Simu iliyo kwenye 192.168.1 inauliza upande wa modemu, Chromecast iliyo kwenye 192.168.8 inasikiliza upande wa ruta ndogo, na swali halifiki. Zima VPN kabisa kwa dakika chache kisha ujaribu kwa simu yako ukiwa bado kwenye waifai ya modemu. Nina hakika hutaona tofauti yoyote.

Kwa upande mwingine, vifaa viwili vilivyo kwenye waifai ileile ya ruta ndogo havihitaji VPN wala havizuiwi nayo, kwa sababu paketi kati yao hazifiki kabisa kwenye hatua ya kuchaguliwa njia ya kutokea nje. Hata zingefika, ruta huchagua njia iliyo mahsusi zaidi, na 192.168.8.0/24, yaani mtandao wa ruta ndogo pekee, ni mahsusi kuliko 0.0.0.0/0, yaani anwani zote, ambayo WireGuard huiweka.

Naomba uniambie mambo machache. Alama inapopotea kwenye simu ya mama, fungua mipangilio ya waifai papo hapo uone imeunganishwa na jina lipi, la modemu au la ruta ndogo. Angalia pia kama kuna alama ya ufunguo juu ya skrini, kwa sababu programu nyingi za kuzuia matangazo kwenye Android hufanya kazi kwa kujifanya VPN, na mtu huwa nayo bila kujua. Kama kuna iPhone nyumbani, tangu iOS 14 ya mwaka 2020 kila programu huomba ruhusa ya kufikia vifaa vya mtandao wa ndani, na aliyebonyeza "kataa" siku ya kwanza hataiona runinga hata mtandao ukiwa safi. Mwisho, hakikisha runinga haijaunganishwa na waifai ya wageni, na kwamba kipengele cha "Isolate Clients" hakijawashwa kwenye ruta, kwani kazi yake hasa ni kuzuia vifaa visizungumze.

Nashukuru pia kwamba umetaja kizazi. Tarehe 9 Machi 2025 Chromecast za kizazi cha pili ziligoma duniani kote kwa sababu cheti cha usalama kilichokuwa ndani yake kiliisha muda, na watu wengi walipoteza siku nzima wakilaumu ruta zao. Ya kwako si miongoni mwa hizo.

MzeeKebo

Mimi ningekwenda njia fupi. Runinga haina kazi yoyote ndani ya VPN ya ofisi. Irudishe kwenye modemu, simu zote ziwe kwenye modemu, na nyuma ya ruta ndogo zibaki kompyuta mbili na skana. Kama ishara ni hafifu sebuleni, nunua kifaa cha kuongeza ishara au vuta waya. Chromecast ya aina hiyo inakubali waya kupitia adapta ya umeme yenye tundu la mtandao, ambayo huuzwa kando.

Na liko jambo lingine ambalo sijaona likisemwa. Kwa mpangilio wa sasa, kila katuni wanayotazama watoto inasafiri hadi Ulaya kupitia seva ya mwajiri wako. Mtu wa mitandao wa ofisi hiyo akiangalia matumizi yako ya mwezi, utakuwa na maelezo ya kutoa.

MkaziWaTegeta

Asanteni nyote. Nimefuata maelekezo na majibu ni haya.

Nilipozima VPN, simu yangu iliyo kwenye modemu haikuiona runinga, kama alivyotabiri FundiWaya. Nilipoihamishia kwenye waifai ya ruta ndogo, alama ilitokea mara moja, VPN ikiwa imewashwa. Simu ya mke wangu haina alama ya ufunguo, lakini tumeikuta ikiruka yenyewe kutoka waifai moja kwenda nyingine kadiri anavyotembea kati ya sebule na jikoni, kwa sababu inazikumbuka zote mbili. Alama ya kurusha hupotea kila inapohamia kwenye modemu. "Isolate Clients" haijawashwa.

MzeeKebo, hoja yako kuhusu mwajiri imenigusa. Hata hivyo, ningependa kuepuka kuvuta waya mwingine na kununua kifaa kingine, kwa kuwa ruta ndogo ina ishara nzuri nyumba nzima kuliko modemu. Je, hakuna namna ya kuiambia ruta kwamba vifaa fulani vipite kwenye VPN na vingine vitoke moja kwa moja? Na nimesoma mahali kuhusu programu ya Avahi inayoweza kupitisha maswali ya mDNS kati ya mitandao miwili. Je, hiyo isingetosha, kila kifaa kikabaki kilipo?

BintiMvita

Salamu kutoka Mombasa. Nianze na Avahi, ili tuiweke kando. Ni kweli kwamba ukiweka "enable-reflector=yes" kwenye faili la avahi-daemon.conf, programu hiyo hurudia maswali na majibu ya mDNS kutoka upande mmoja wa ruta hadi mwingine. Lakini kujulishwa kwamba runinga ipo hakumaanishi kwamba utaifikia. Simu iliyo upande wa modemu itaambiwa Chromecast iko 192.168.8.50, tuseme, kisha itajaribu kuifikia kwenye poti 8009, na modemu haijui mtandao wa 192.168.8 uko wapi. Itabidi uiongezee modemu njia ya kuelekea huko, na modemu nyingi za watoa huduma zimefungwa zisimruhusu mteja kufanya hivyo. Halafu utafungua ukuta wa moto (firewall) wa ruta ndogo kwa trafiki inayoingia kutoka upande wa nje. Avahi inafaa sana pale ruta moja inapomiliki mitandao miwili, kwa mfano wa familia na wa vifaa vya nyumbani. Kwako wewe mtandao mmoja uko nyuma ya mwingine, kwa hiyo utafanya kazi nyingi kwa faida ndogo.

Njia ninayoipendekeza ni kuifanya ruta ndogo iwe mtandao pekee wa nyumba, kisha kuchagua ni nani apite kwenye VPN. Zima waifai ya modemu kabisa, ili simu zisiwe na mahali pa kurukia. Baada ya hapo, fuata utaratibu huu, na tafadhali usiruke hatua ya kwanza.

Vipe vifaa vya kazi anwani za kudumu. Kwenye ukurasa wa DHCP wa OpenWrt, yaani sehemu inayogawa anwani kwa vifaa, tenga anwani kwa kila kompyuta ya kazi na skana kwa kutumia anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kifaa. Ukitaka kutengea simu pia, kumbuka kwamba Android tangu toleo la 10 na iPhone tangu iOS 14 hutumia anwani ya MAC ya kubuni kwa kila waifai. Unaweza kuizima kwa waifai ya nyumbani pekee. Runinga nayo itengee, kwa sababu tutaihitaji baadaye.

Kisha ondoa VPN kuwa njia kuu ya ruta. Katika mipangilio ya mwenza wa WireGuard kuna kisanduku cha "Route Allowed IPs", kiondoe alama. AllowedIPs yenyewe iache 0.0.0.0/0, kwa sababu ndiyo inayoruhusu trafiki kupita ndani ya handaki, yaani njia ya VPN. Unachoondoa ni amri ya kuvuta trafiki yote ya nyumba kuelekea huko. Kuanzia hapo intaneti ya kawaida ndiyo njia kuu.

Sasa sakinisha kifurushi kiitwacho pbr, kinachochagua kifaa gani kipite njia ipi, pamoja na ukurasa wake wa mipangilio, luci-app-pbr. Mtakaokuta maelezo ya zamani mtaona jina vpn-policy-routing. Ni mtangulizi wa kifurushi hichohicho, kwa hiyo msimtafute. Ndani yake andika sera moja: anwani za kompyuta mbili na skana zipite kwenye kiolesura cha WireGuard. Wengine wote hawahitaji sera, kwani njia kuu inawatosha. Washa pia "Strict enforcement". Kazi yake ni kwamba handaki likianguka, vifaa vyenye sera havitoki kupitia intaneti ya kawaida bali husimama, na kwa kazi za hesabu za watu nadhani hicho ndicho mwajiri wako angetaka.

Kuna mtego mmoja. Maelekezo mengi ya kufunga VPN kwenye ruta humwambia mtu afute ruhusa ya kutoka "lan" (mtandao wa ndani) kwenda "wan" (upande wa intaneti) kwenye ukuta wa moto, ili kila kitu kilazimike kupita kwenye handaki. Kama uliyafuata, ukimaliza kuweka pbr runinga na simu zitaonekana zimeunganishwa lakini hazitakuwa na intaneti. Irudishe ruhusa hiyo.

Mzee Kebo yuko sahihi kwamba njia yake ni fupi. Ila nyumba yenye waifai mbili zisizoonana haitaacha kuzalisha maswali ya namna hii: leo ni runinga, kesho itakuwa printa.

MzeeKebo

Sibishani na Binti, ila naongeza tahadhari moja. Sera ya pbr inaishi ndani ya ruta, na ruta ikisasishwa mfumo wake bila kubakisha mipangilio, au pbr ikakosekana baada ya usasishaji kwa sababu vifurushi vya ziada havirudi vyenyewe, kompyuta za kazi zitatoka nje bila handaki wala "Strict enforcement" ya kuzizuia, kwa kuwa ulinzi wote ulikuwa ndani ya kifurushi kisichokuwepo. Weka kanuni ya kawaida kwenye ukuta wa moto inayokataza anwani hizo tatu kwenda "wan". Hiyo haitegemei pbr.

FundiWaya

Nakubaliana na tahadhari ya MzeeKebo.

Kuhusu video zilizorekodiwa kwa simu, hilo halina uhusiano na VPN. Unaporusha faili lililo ndani ya simu, mambo hugeuka: simu ndiyo inayokuwa seva, na Chromecast huja kulichukua faili kutoka kwenye simu. Kwa kuwa picha zinaonekana, njia kati ya simu na runinga ni nzima. Kinachogoma ni aina ya video. Simu nyingi za sasa hurekodi kwa mfumo wa HEVC, unaojulikana pia kama H.265, ili kuokoa nafasi, ilhali Chromecast ya kizazi cha tatu inaelewa H.264 na VP8. Nenda kwenye mipangilio ya kamera, tafuta sehemu ya ubora au muundo wa video, uchague H.264, ambayo kwenye iPhone inaitwa "Most Compatible". Zile zilizokwisha kurekodiwa, zirushe kwa kutumia VLC, ambayo inaweza kubadilisha muundo wakati wa kucheza, ingawa simu itapata moto kidogo na betri itakwenda haraka.

Hii pia ni njia nzuri ya kupima kwa mtu yeyote mwenye tatizo la aina hii. Picha iliyo ndani ya simu ikionekana lakini YouTube isicheze, chunguza njia ya Chromecast kwenda intaneti. YouTube ikicheza lakini picha ya ndani ya simu isionekane, chunguza simu yenyewe: ukuta wake, VPN yake, ruhusa zake. Alama isipoonekana kabisa, usihangaike na intaneti. Anzia kwenye mtandao wa ndani.

MkaziWaTegeta

Nimetekeleza maelekezo ya BintiMvita. Kwa kweli ruhusa ya "lan" kwenda "wan" ilikuwa imefutwa na maelekezo niliyopewa na ofisi, na nilipoirudisha kila kitu kilipata intaneti. Kompyuta za kazi zinaingia kwenye mifumo ya ofisi kama kawaida. Nilipozima kiolesura cha WireGuard makusudi, zilikosa intaneti mara moja, huku simu zikiendelea bila kujua kilichotokea. Kanuni ya MzeeKebo nayo nimeiweka. Video za kamera zimetatuliwa kwa H.264.

Limebaki moja. Nikiangalia anwani ya nje kwa kutumia simu, naona ya mtoa huduma wangu wa hapa Tanzania, na runinga nayo haimo kwenye sera yoyote, kwa hiyo ningetarajia nayo iwe hivyohivyo. YouTube imeboreka. Hata hivyo, huduma ya filamu huchukua muda mrefu kuanza, picha hubaki na ukungu nyakati za jioni, na mara nyingine ujumbe ule wa kwamba filamu haipatikani hurudi. Kipimo cha kasi kwenye simu, nikiwa nimekaa mbele ya runinga, kinaonyesha zaidi ya megabiti 30 kwa sekunde. Netflix, kwa mfano, hupendekeza megabiti 5 kwa picha ya 1080p, na Chromecast hii haizidi hapo, kwa hiyo sidhani kwamba ni kasi.

BintiMvita

Si kasi. Nashuku DNS, yaani huduma inayogeuza majina ya seva kuwa anwani, na nitaeleza kwa nini.

Kabla ya Chromecast kuchukua filamu, inauliza jina la seva liko kwenye anwani gani. Huduma kubwa za video zina seva sehemu nyingi duniani, na mara nyingi jibu la DNS hutegemea swali limetokea wapi: ukiuliza ukiwa Dar es Salaam utaelekezwa kwenye seva iliyo karibu, na ukiuliza ukiwa Ulaya utaelekezwa kwenye seva ya huko. Ruta yako, ilipofungwa VPN, ilielekezwa itumie DNS ya ofisi iliyo ndani ya handaki. Trafiki ya runinga sasa inatoka moja kwa moja, lakini maswali yake ya majina bado yanajibiwa kutoka Ulaya. Matokeo yake ni kwamba runinga iliyo Tegeta inaelekezwa kwenye seva ya mbali, na huduma ya filamu inaona swali limetoka nchi moja na mtazamaji yuko nchi nyingine, ambayo ni dalili mojawapo wanayoitumia kumshuku mtu kwamba anaficha mahali alipo.

Utaniuliza kuhusu jambo linalojulikana la Chromecast, kwamba imeandikiwa ndani yake itumie DNS ya Google, 8.8.8.8 na 8.8.4.4, bila kujali ruta inasema nini. Ni kweli, na kwa hali ya kawaida ingekuokoa. Lakini maelekezo mengi ya VPN huongeza kanuni inayokamata kila swali linalokwenda poti 53, liwe limeelekezwa kwa nani, na kulirudisha kwenye DNS ya ruta. Chromecast inadhani inazungumza na 8.8.8.8, kumbe inajibiwa na ruta. Fungua ukuta wa moto, nenda kwenye sehemu ya kuelekeza poti, uone kama kuna kanuni ya poti 53 inayotoka "lan".

Ukiikuta, usiifute yote, kwa sababu kompyuta za kazi pengine zinahitaji DNS ya ofisi ili kuyajua majina ya seva za ndani za kampuni. Ihariri ihusu anwani za vifaa vya kazi pekee, na iyaelekeze maswali yao kwenye DNS ya ofisi, si ya ruta. Kisha geuza mpangilio wa jumla: DNS ya ruta iwe ya mtoa huduma wako au ya umma, na vifaa vya kazi vipewe DNS ya ofisi kupitia DHCP, chaguo namba 6, kwa kuviwekea lebo. Hiyo ni afadhali kuliko kuipa runinga upendeleo wa pekee, maana simu na kifaa chochote kitakachokuja baadaye navyo vitapata majibu ya karibu.

Baada ya kubadilisha, chomoa Chromecast kwenye umeme kwa muda kisha uirudishe, ili isahau majibu ya zamani.

NipoMwanza

Samahani kwa kuingilia. Nina tatizo linalofanana, ila mimi natumia ruta ya 4G badala ya faiba. Nyuma yake nimeweka ruta ndogo ya VPN, na tangu nilipoiunganisha hakuna kitu kinachopata intaneti, achilia mbali runinga. Ruta zote mbili nazifungua kwa 192.168.8.1.

FundiWaya

Ndugu NipoMwanza, jibu limo ndani ya sentensi yako ya mwisho. Ruta nyingi za 4G na baadhi ya ruta ndogo za VPN hutoka kiwandani zikiwa na anwani hiyohiyo, 192.168.8.1. Ruta ndogo inaona mtandao uleule upande wa ndani na upande wa nje, na haiwezi kujua paketi iende wapi. Badilisha anwani ya ndani ya ruta ndogo iwe, kwa mfano, 192.168.20.1, uiwashe upya, kisha unganisha vifaa tena.

Kwa kuwa uko kwenye 4G, usishangae VPN ikifunguka lakini kurasa fulani zikakwama katikati. WireGuard huanza na MTU, yaani ukubwa wa juu wa paketi, ya 1420, na mitandao mingine ya simu haina nafasi hiyo baada ya kuongeza gharama ya handaki. Ishushe hadi 1280 kwa majaribio. Ikitulia, panda polepole.

MkaziWaTegeta

Kanuni ya poti 53 ilikuwepo, na ilihusu nyumba nzima. Nimeiwekea mipaka kwa anwani za vifaa vya kazi, nimevipa DNS ya ofisi kwa lebo, na ruta sasa inatumia DNS ya umma. Baada ya kuiwasha Chromecast upya, filamu zinaanza haraka na ujumbe wa kukataliwa haujarudi tena. Simu zote ziko kwenye waifai moja na alama ya kurusha haipotei.

Nina swali dogo la mwisho. Mtoto anataka wakati mwingine kurusha somo kutoka kwenye mojawapo ya kompyuta za kazi. Kompyuta hiyo iko kwenye sera ya VPN. Je, itaiona runinga?

BintiMvita

Itaiona, kwa sababu sera inahusu trafiki inayotoka nje na zote mbili ziko 192.168.8. Video ya somo itachukuliwa na Chromecast kupitia intaneti ya kawaida. Lakini ukirusha skrini nzima ya kompyuta, au kichupo cha kivinjari, picha hutengenezwa kwenye kompyuta yenyewe, na kila kilichomo ndani ya kichupo hicho kitakuwa kimepitia kwenye seva ya ofisi. Kama somo liko YouTube, tumia alama ya kurusha iliyo ndani ya kichezaji chenyewe, usitumie ile ya kivinjari.

MzeeKebo

Na kwa kuwa uko Tanzania, hakikisha jambo hili limekaa sawa kwenye karatasi pia. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilitoa tangazo lililowataka watu na kampuni zinazotumia VPN kwa shughuli zao kutoa taarifa kwa mamlaka kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo, likirejea kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020. Waulize watu wa ofisi kama walijaza taarifa hizo na kama zinakuhusu wewe unayefanya kazi nyumbani. VPN ya mwajiri yenye sababu iliyo wazi ni rahisi kuieleza, hasa sasa ambapo haina tena filamu za watoto ndani yake.